Ukoko Ni wa Mpishi

Shangazi yangu alipika uji wa shule kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna mheshimiwa aliyewahi kuchungulia sufuria yake. Alipoanza kupika wali wa gereza walikuja watano, na rula mkononi. Nitaeleza kwa mpangilio, maana mimi ni mwalimu na nimezoea kueleza mambo kwa watu wasiosikia. Lakini mjue tangu mwanzo kwamba nimekasirika, na kwamba kipande cha hasira hiyo ni changu mwenyewe, kwa kosa nililolifanya kwa mkono wangu na kalamu nzuri.

Jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima unamwita Upawa, kwa sababu ya upawa wake wa mti, mpini umevunjika ukafungwa waya, ambao hakuwahi kuulaza jikoni hata siku moja. Jioni aliondoka nao kaupachika kwapani kama mwavuli. Ni mrefu, mwembamba, na ana sauti ya kunyamazisha madarasa matatu kwa mpigo. Mume wake alifariki mapema, mtoto hakujaliwa, na ukimpa pole kwa hilo anakuuliza, "Pole ya nini? Nina mia nne." Mia nne ndiyo ilikuwa idadi ya watoto wa shule yetu.

Jiko lake lilikuwa banda la mabati nyuma ya darasa langu, darasa la tatu. Mafiga matatu, pipa la maji, na sufuria moja ambayo mtoto angeweza kuoga ndani yake na nafasi ikabaki. Watoto hakuwajua kwa majina, aliwajua kwa vikombe. Kulikuwa na kikombe cha bluu kilichobanduka, bakuli lisilo na mshikio, kopo la maziwa. Kikombe kikikosekana siku mbili, alikuja dirishani kwangu katikati ya somo. "Mwalimu, kopo la maziwa liko wapi?" Na mimi nilitakiwa niwe na jibu.

Kopo la maziwa lilikuwa la msichana mmoja tuliyemwita Kidoti, kwa ajili ya kialama cheusi chini ya jicho. Aliishi na bibi yake muuza mkaa. Alipenda kufuta ubao kuliko alivyopenda kusoma kilichoandikwa juu yake, na kila siku alirudi nyumbani na vipande vya chaki mfukoni. Nilimwona, nikanyamaza. Chaki iliyobaki urefu wa ukucha haina kazi kwa mwalimu, na kwa mtoto asiye na kitu ni mali.

Tusidanganyane kwamba walikuja kwa ajili ya hesabu zangu za kugawanya. Kwa wengi wao uji ule ndio ulikuwa chakula cha kwanza tangu jana yake. Walikuja kunywa, na wakishakunywa walikuwa wapo, na mtoto aliyepo unaweza kumfundisha.

Basi mwanzo wa mwaka ikaja barua. Huduma ya uji imesitishwa kwa kukosekana kwa fungu. Fungu ni neno la serikali, maana yake ni kwamba pesa ipo ila si yako. Barua hiyo hiyo, ukurasa wa pili, ilikumbusha kwamba shule yoyote itakayokutwa na watoto pungufu ya mia mbili siku ya kuhesabiwa, mwezi wa kumi, itafungwa, na majengo yake yatapangiwa matumizi mengine. Mwalimu mkuu alitusomea kurasa zote mbili bila kupumua katikati.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na upawa wake. "Kwa hiyo wanawanyima chakula," akasema, "halafu wanakuja kuhesabu wangapi wamebaki."

"Serikali haijasema hivyo, mama," mwalimu mkuu akamjibu.

"Najua haijasema. Nimesema mimi."

Kufikia mwezi wa tatu, kati ya mia nne tulibaki na mia mbili thelathini na mmoja. Wengine walikuwa sokoni wanaokota chupa, wengine wanabeba mizigo mikubwa kuliko wao, wengine wamelala tu nyumbani maana aliyelala njaa haimsumbui sana. Kidoti alikuwa anamsaidia bibi yake kufungasha mkaa. Nilikutana naye njiani, uso mweusi wote, kile kidoti chenyewe hakionekani.

Sasa ng'ambo ya barabara, pale palipokuwa uwanja wetu wa michezo, walikuwa wamemaliza kujenga gereza. Miaka miwili tulifundisha kwa kelele za mashine ya zege. Lilikuwa gereza zuri, sitaki kulisingizia. Lina geti la umeme, lina taa mchana na usiku, lina madirisha ya vioo. Nataka mlielewe hilo la vioo. Darasa langu lilikuwa na madirisha sita na kioo kimoja, na hicho kimoja kilikuwa na ufa. Siwaonei gere wafungwa, binadamu ni binadamu, na mvua ikinyesha humlowesha mwizi kama inavyomlowesha padri. Ninaowaonea hasira ni waliokaa mezani wameshiba, kisu mkononi, wakagawa.

Siku ya ufunguzi akaja mheshimiwa mmoja mnene, na watoto wetu wakapangwa juani wamwimbie. Alihutubia muda mrefu. Alisema, na mimi niliyasikia kwa masikio haya, "Tunajenga kwa ajili ya kizazi kijacho." Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, simsingizii mtu.

Gereza likahitaji mpishi, na mtaani kwetu mpishi wa watu wengi ni mmoja tu. Shangazi akaitwa, akapewa aproni nyeupe, kofia ya kitambaa, na barua ya ajira, kitu ambacho shule haikuwahi kumpa kwa miaka ishirini na miwili. Watu hawakosi maneno. Walisema Upawa kahamia kwenye shibe. Nami nilimwendea nyumbani, nikaamkia, akaitikia, nikakaa.

"Toa kilicho moyoni," akaniambia. "Umekaa kama mtu aliyekuja kudai."

"Shangazi, watoto watakuonaje?"

"Watoto wana njaa, hawana macho ya kuniona. Fuata nyuki ule asali, mwanangu. Chakula kimehama, nami nakifuata nione kinakwenda wapi."

Alikwenda akaona. Gereza lilijengwa kwa watu mia tatu, kwa hiyo chakula kilitengwa cha watu mia tatu. Waliokuwemo walikuwa themanini na wawili. Kila asubuhi bwana stoo, mtu mpole mwenye funguo nyingi kuliko meno, alimpimia mchele na maharage ya watu mia tatu, akasaini, naye akasaini. Wakishakula wale themanini na wawili, makombo yote yalimwagwa shimoni nyuma ya jiko mbele ya askari, maana kanuni ilisema makombo ya gereza ni mali ya serikali na hayatoki nje ya geti. Shangazi aliposimulia hayo alizungumza polepole. Watoto waliopo, wanaoonekana kwa macho, hawakuwa na fungu. Wafungwa ambao bado hawajafungwa, ambao pengine hawajaiba hata kijiko, walikuwa nalo, na lilipikwa kila siku likawangoja.

"Nikamuuliza bwana stoo hao mia mbili na kitu ni kina nani," akasema. "Akaniambia, wanatarajiwa."

Sasa, yeyote aliyelelewa karibu na sufuria anaijua sheria hii: ukoko ni wa mpishi. Haijaandikwa popote kwa sababu hakuna aliyewahi kubisha. Anayepika ndiye anayekwangua, na anapokwangua watoto humzunguka, naye huwavunjia vunjia wakatafuna. Wiki ya pili shangazi alikwangua ukoko wa sufuria zake nne, akautia kwenye ndoo, akaenda nao hadi kwa bwana stoo.

"Huu ukoko wa nani?"

"Wa mpishi, mama. Kwani kwenu ni wa nani?"

"Nilitaka nisikie ukisema."

Akatoka nao getini. Askari akachungulia ndoo, akaona ukoko, akameza mate, akafungua. Siku ile ilikuwa ndoo moja, nusu yake. Lakini shangazi hana jambo dogo. Mpishi mwenzake, kijana aliyesomea mapishi, alimwambia majiko ya gesi na sufuria zile nene hazitoi ukoko wa maana. Shangazi akamwambia hakuna sufuria isiyotoa ukoko, ila kuna mpishi asiyejua kungoja. Maji yakishakauka alipunguza moto ukawa kama wa kibatari, akafunika, akakaa kwenye kigoda akisikiliza. Ukoko una sauti yake ukianza kushika, anasema, unanong'ona. Wali wa watu themanini na wawili aliupakua juu, mweupe, uliochambuka, hakuna mfungwa aliyepunjwa hata punje. Uliobaki chini akauacha ushike. Wiki ile ukoko ulikuwa unene wa kidole. Mwezi uliofuata ulikuwa unene wa kiganja kilichosimamishwa.

Saa nne, kengele ya mapumziko ikilia, Upawa alivuka barabara na ndoo zake, kijana wa mapishi nyuma yake anabeba nyingine. Haukuwa ukoko mweusi wa kuvunja jino. Ulikuwa wa rangi ya mkate uliookwa, mkavu juu, laini ndani, na siku za maharage alimwagia mchuzi ukalainika. Vikombe vikarudi. Kwanza kile cha bluu, halafu bakuli lisilo na mshikio. Kopo la maziwa lilirudi siku ya nne, uso umeoshwa, na kwa mara ya kwanza tangu Januari shangazi alikuja dirishani kwangu bila swali. Alichungulia tu, akahesabu kwa kidevu, akaenda zake.

Mwezi wa saba tulikuwa na watoto mia tatu na arobaini. Darasa langu lilikaa wanne wanne kwenye dawati la watu wawili, na nilikuwa na raha kama mjinga.

Ndipo nilipofanya kosa langu. Sisi tumelelewa kushukuru. Mtu akikupa, unasema asante, akikupa tena, unapeleka shukrani kwao. Nikaona aibu, gereza linatulishia watoto miezi mitatu na shule haijatia neno. Bila kumuuliza shangazi, nikakaa siku ya Jumamosi na kalamu yangu nzuri, nikamwandikia mkuu wa gereza. Kwa niaba ya watoto mia tatu na arobaini, tunatoa shukrani za dhati kwa ukoko mnaotupatia kila siku, ndoo sita. Niliandika ndoo sita. Mwalimu wa hesabu ndani yangu hakuweza kuiacha sentensi bila idadi. Watu huvishwa kilemba cha ukoka wakafurahi, mimi nikamvisha mwanamume wa watu cha ukoko, na nakala nikapeleka wizarani, ili asifiwe.

Shangazi aliposikia aliniita kibarazani kwake.

"Mwalimu, umesoma mpaka wapi?"

"Chuo, shangazi."

"Na huko chuoni hawakuwafundisha kunyamaza?"

Mkuu wa gereza si mtu mbaya. Ni mwoga, na mwoga mwenye nyota mabegani ni hatari kuliko mbaya. Aliposoma ndoo sita, na alipoona nakala imeshafika juu, akaandika ripoti kabla hajaandikiwa. Mwezi wa nane ikaundwa tume. Tume ya kuchunguza ukoko. Watu watano, magari mawili, siku tisa, chai ya saa nne na soda ya saa nane, na kila mmoja posho ya kulala hotelini wakati wawili kati yao wanaishi mtaa wa pili. Mwalimu mkuu, ambaye utani haujui, alipiga hesabu ubaoni akaona siku tisa zile zingetosha uji wa muhula mzima. Akaifuta kabla hatujamaliza kuisoma.

Niliitwa kama shahidi, kwa kuwa barua ilikuwa yangu. Tulikaa kwenye ukumbi wa kulia chakula, tume upande mmoja wa meza, shangazi upande wa pili na aproni yake na upawa wake magotini. Katikati yao waliweka sufuria. Mwenyekiti alikuwa mzee nadhifu mwenye miwani, na aliamuru ukoko upimwe. Kijana wa tume akatumbukiza rula.

"Sentimita saba, mheshimiwa."

Wakaandika. Halafu wakabishana nusu saa ukoko ni nini. Mmoja alisema ni chakula, mwingine alisema ni takataka, wa tatu akasema ikiwa ni takataka basi inahusu idara nyingine. Mwishowe mwenyekiti akamsomea katibu: ukoko ni mabaki magumu ya wali yasiyokusudiwa. Kisha akavua miwani.

"Mama, huu wako umekusudiwa."

"Umekusudiwa, baba. Kila kitu ninachopika nimekikusudia."

"Kwa hiyo huu si ukoko. Ni wali wa serikali uliofichwa chini ya sufuria."

Shangazi akaukuna mguu wake kwa mpini wa upawa, taratibu. "Nikuulize, mheshimiwa. Nyumbani kwako nani anapika?"

"Mke wangu."

"Na ukoko anakula nani?"

Mwenyekiti alipangusa miwani yake, na wenzake wakatazama karatasi zao. Ni mtu mkweli yule, namheshimu kwa hilo tu. "Watoto," akasema.

Nikajua tumeshinda. Mjinga ni mimi. Wiki mbili baadaye ikaja taarifa yenye muhuri: ukoko wa gereza ni mali ya serikali, usizidi nusu sentimita, upimwe kila siku, uandikwe kwenye kitabu, na umwagwe shimoni mbele ya mashahidi wawili watakaosaini. Kitabu chenyewe kililetwa, jalada gumu, kimeandikwa kwa wino wa dhahabu Kitabu cha Ukoko. Watoto wangu walikuwa wanaandika kwenye karatasi za kufungia sukari.

Nilimwambia shangazi aache kazi, awatupie aproni yao.

"Nikiacha ataingia wa kuwalisha maharage mabichi," akasema. "Na wale waliomo nawajua. Yuko wa kikombe cha kijani, yuko wa jagi lenye ufa. Wote walikatishwa darasa la nne, la tano. Aliyemaliza la saba simwoni mle."

Basi ukoko ukawa unamwagwa ng'ambo ya barabara, na harufu yake inavuka yenyewe maana kwa harufu hawakuweka kanuni. Watoto wakaanza kupungua tena. Mia tatu, mia mbili na sitini, mia mbili na kumi. Shangazi alinunua mchele kwa mshahara wake akawa anapika nyumbani jioni kwa ajili ya kesho yake, lakini mkono mmoja haulei mia tatu. Ulitosha siku tatu kwa wiki, halafu mbili.

Jioni ya kuamkia siku ya kuhesabiwa alizunguka nyumba kwa nyumba, mtaa mzima, anaita vikombe. "Bluu yupo? Mwambie kesho aje, hata akiwa mgonjwa aje augulie shuleni." Asubuhi walikuja wakajipanga uwanjani, wengine na mafua, wengine na wadogo zao mgongoni. Mhesabu alikuwa kijana mwenye simu kubwa na viatu vyeupe. Alihesabu mara mbili. Mia moja themanini na saba.

Shangazi alikuwa ametoroka zamu, aproni bado kiunoni. "Wamebaki kumi na watatu, baba. Wako sokoni hapo. Ningoje nikawalete."

"Mama, tunahesabu waliopo."

"Mbona ng'ambo mnahesabu wasiokuwepo?"

Yule kijana hakuelewa alichoambiwa. Aligusa simu yake, shule ikaisha.

Lugha yetu ina mambo. Mlango unafungwa, shule inafungwa, mtu anafungwa, na asiye na chakula ukimuuliza anakujibu leo nimefunga. Wenye kugawa mafungu wameona neno moja linatosha kwa yote.

Mimi nilihamishiwa shule iliyo mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, ng'ambo ya barabara kuu ya malori. Walionifuata walikuwa tisini hivi, wenye miguu mirefu. Bibi yake Kidoti alisema mjukuu wake havuki barabara ile kwa ajili ya kugawanya. Mtoto akarudi kwenye mkaa.

Halafu, mwezi haujaisha, magari yakaanza kuingia kwenye shule yetu iliyofungwa. Mabati mapya. Vioo, madirisha yote sita. Rangi ya samawati chini, nyeupe juu. Madawati, wallahi, madawati mapya ya mti mgumu, na kabati, na ubao mweusi usio na mkwaruzo. Ukuta wa gereza ukavushwa barabara ukakumbatia na shule. Miaka kumi na minne niliomba kioo. Kumbe nilikuwa naomba kwenye dirisha lisilohusika. Juu ya geti wakatundika kibao: Bweni la Malezi ya Watoto. Yaani mahabusu ya watoto, ila mtu msomi alikaa akalitafutia jina lisilouma.

Bweni lilikamilika, vitanda sitini vimetandikwa, na hakuna mtoto hata mmoja. Jengo la serikali likikaa tupu lazima mtu aulizwe, na wakubwa wakawa wanaulizana.

Kidoti aliona mabati yanang'aa kutoka kwenye meza ya mkaa ya bibi yake. Aliona madawati yanashushwa. Alisoma kile kibao, maana kusoma nilikuwa nimemfundisha, na akakielewa kama kilivyoandikwa. Jumatatu aliosha uso, akachukua karatasi zake za sukari na kopo lake la maziwa, akawapitia wenzake wawili, wakaingia kwenye geti lililoachwa wazi na mafundi. Walikwenda moja kwa moja darasa la tatu, wakakaa mahali pao pa zamani, wakamngoja mwalimu. Mwalimu alikuwa mwendo wa saa moja na nusu kutoka pale. Aliyekuja ni askari.

Kosa liliandikwa: kuingia eneo la gereza bila kibali. Kwa Kidoti waliongeza kukutwa na mali ya serikali, vipande vinne vya chaki, maana alikuwa ameshafuta ubao. Wakangoje kesi yao bwenini. Mkuu wa gereza akapeleka taarifa juu kwamba bweni limeanza kazi. Nilikimbia huko jioni nikazuiwa getini. Nilipokwenda kwa bibi yake kumwomba tuandike malalamiko, nilimkuta anapepeta vumbi la mkaa, ametulia.

"Wanalala kitandani, mwalimu," akaniambia. "Nimewashukuru."

Mimi na shukrani tumeachana, kwa hiyo niliaga nikaenda zangu.

Yaliyobaki kanieleza shangazi, Jumapili, kibarazani kwake, anafunga waya mpya kwenye mpini wa upawa. Jumanne, siku iliyofuata baada ya watoto kukamatwa, aliamriwa apeleke chakula bwenini. Alisukuma kigari chake kwenye lile darasa, akawakuta watatu wamevaa sare mpya, wamekaa wima kwenye madawati mapya. Kidoti alikuja mbele na kopo lake, kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akachungulia ndani ya sufuria.

"Shikamoo shangazi. Leo hakuna ukoko?"

"Hakuna, mwanangu. Huku mnapewa wali wenyewe."

Mtoto alitazama wali, akatazama madirisha, akatazama vile vitanda sitini kupitia mlango wa pili. Alifurahi mpaka kile kidoti kikapanda.

"Basi waambie na wenzetu waje, shangazi," akasema. "Waambie shule imefunguliwa."

Shangazi alinieleza mpaka hapo, akakaza waya kwa meno. Nikamuuliza yeye alimjibu nini.

"Nilimwongezea wali," akasema.